Unga, Dizeli na Namba za Babaji

Tuanzie barabarani, maana Bonga ya utoto wangu ilianzia barabarani. Siku hizi ukitoka Babati mjini ukashika njia ya Kondoa, lami inakufikisha Bonga, kilomita kama 19, kabla hujamaliza salamu na jirani yako wa kiti. Barabara hiyo, kutoka Dodoma hadi Babati, ilizinduliwa mwaka 2018, na watu wa kwetu walikuwa wameingoja tangu enzi za babu zao. Wakati ninaousimulia, miaka ya mwanzo ya themanini, ilikuwa njia ya vumbi jekundu, ile ile ya wakoloni iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Magari yalikuwa machache hata sisi watoto tuliweza kuyahesabu yote, asubuhi mpaka jioni, tukiwa tumekaa kingoni mwa mtaro. Babati ilikuwa bado Mkoa wa Arusha. Manyara lilikuwa jina la ziwa tu. Mkoa ulikuja mwaka 2002.

Shuka nami hapa penye mgunga, ushike kijia kinachopita katikati ya mashamba. Usiogope umande. Mahindi yameshavunwa, mabua yamelazwa chini, na mbaazi zilizopandwa katikati yake sasa ndizo zenye shamba. Zimekuzidi kimo, zina maua ya njano, na majani yake yakikugusa yanakuachia harufu ya uchachu kidogo kwenye mikono ya nguo. Geuka nyuma uuone Mlima Kwaraa, umejifunika wingu mpaka kifuani; mama zetu wakiuona hivyo huanua nguo. Halafu simama usikilize. Tuk, tuk, tuk, tuk. Hiyo ndiyo mashine ya kusaga, na ndiko tunakokwenda.

Jengo lilikuwa la matofali ya kuchoma, limeezekwa bati, na kila kilichokuwa ndani kilikuwa cheupe. Madirisha meupe, boriti nyeupe, hata utando wa buibui juu ya dari ulikuwa umenenepa kwa unga ukaning'inia mzito. Katikati ilikaa injini ya Lister, ya kijani, na magurudumu yake mawili makubwa ya pembeni yaliyozunguka mpaka usiweze kuona tena vyuma vya ndani. Mkanda mrefu wa mpira ulitoka pale ukaenda kuizungusha mashine yenyewe, ambako nyundo zilipiga mahindi mpaka yakapita kwenye chekeche. Ilinuka dizeli, ilinuka mpira uliopata moto, na juu ya yote ilinuka dona, unga uliotoka mashineni wakati huo huo. Sijui kama umewahi kutia mkono kwenye unga wa namna hiyo. Unatoka na joto. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Bonga ikiwa imeshika vidole, tulikuwa tunagombania zamu ya kushika mfuko chini ya mdomo wa mashine.

Foleni ilipangwa na madebe, siyo watu. Mama alitua debe lake mwisho wa mstari, akalifunika kwa kanga, akaenda kukaa kivulini na wenzake. Debe lilisogezwa na yeyote aliyekuwa karibu, kwa mguu, taratibu, na hakuna aliyedhulumiwa nafasi. Debe la lita 20, lililowahi kuwa la mafuta ya kupikia, limekunjwa midomo lisikate mtu; mengine yamepigwa rangi, mengine yamefungwa kitambaa chekundu ili mwenyewe alijue kwa mbali. Debe letu lilikuwa na alama ya msalaba iliyochorwa kwa msumari.

Na aliyekuwa akipita kwenye mstari ule, mbele hadi nyuma, ni Babaji.

Wakubwa walimwita Fundi Singasinga. Sisi watoto tulimwita Babaji kwa sababu mwenyewe alitwambia hivyo ndivyo watoto wa kwao wanavyomwita mzee. Alikuwa mrefu, ameinama kidogo, na kilemba chake cha bluu kilikuwa kimefifia kwa jua na kwa unga. Ndevu zilikuwa nyeupe tayari, kwa hiyo unga haukuzibadili. Mkono wa kulia alivaa bangili ya chuma, ile wanayovaa Masingasinga wote, na kwenye mfuko wa ovaroli hakukosa spana na kipande cha kitambaa chenye grisi.

"Shikamoo Babaji."

"Marahaba, puttar. Bibi mzima?"

Puttar ni mwanangu, na alituita hivyo wote, wa kike kwa wa kiume. Kiswahili alikizungumza kutwa, na Kigorowa cha salamu alikijua vizuri hata wazee wa kijiji wakafurahi kumpitia kwa ajili ya kusalimiana tu. Aliwapangia wateja zamu kwa Kiswahili, alikemea watoto waliosogelea mkanda kwa Kiswahili, aliisemesha injini ikigoma kwa Kiswahili. Ila ilipofika saa ya kuhesabu madebe, sauti ilishuka na lugha ikabadilika. Alikwenda debe kwa debe, akigonga kila moja kwa ile bangili, na kila debe lilitoa mlio wake kulingana na mahindi yaliyomo. Ik. Do. Tin. Char. Panj. Debe lililojaa lilijibu kwa sauti nzito, la nusu likalia. Akifika mwisho wa mstari aliandika kwenye daftari lenye jalada gumu, kwa penseli aliyoiweka chini ya kilemba, na alichoandika hakikufanana na chochote nilichofundishwa shuleni.

Nyumbani kwetu Bibi alihesabu mbuzi jioni wakiingia zizini. Aliegemea nguzo ya mlango, mkono mmoja juu ya mgongo wa kila mbuzi aliyepita, na alihesabu kwa Kigorowa: wak, tsar, tam, tsiyahh, koo'an. Mama alihesabu fedha za gulio kwa Kiswahili, kwa kuwa alilelewa Kondoa mjini. Mwalimu alituhesabisha vijiti, mafungu ya kumi kumi yaliyofungwa kwa kamba ya mkonge. Nimekaa na watu wa lugha nyingi tangu siku hizo, na bado naamini nilichokiona nikiwa mtoto: mtu anaweza kununua na kuuza, kubembeleza, hata kugombana kwa lugha ya kujifunza, lakini akianza kuhesabu peke yake, anarudi kwao. Babaji alirudi kwao kila asubuhi kati ya debe la kwanza na la mwisho, na Bonga nzima hapakuwa na mtu wa kumfuata huko.

Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, na baada yake kila kitu kilikuwa cha kutafuta. Sabuni, sukari, chumvi, khanga, viberiti. Dizeli nayo. Mashine ilinyamaza juma zima, mara nyingine zaidi, na kijiji kikarudi kwenye jiwe la kusagia. Bibi alilitoa lake uvunguni, akalichonga upya kwa jiwe jingine, na usiku tukalala tukisikia khwa, khwa, khwa toka jikoni. Kila baada ya siku chache nilitumwa: nenda kaulize, dizeli imekuja?

Haijaja. Babaji yuko peke yake ndani ya jengo kimya, mlango uko wazi, jua limeingia mpaka kwenye magurudumu. Anafuta injini. Sijapata kuona chombo kinachopanguswa vile na mtu asiyejua lini kitawashwa. Alifungua boliti, akaipangusa, akaitia mafuta, akairudisha ilikotoka.

"Bado, puttar. Kaa kidogo, umetembea."

Nikakaa juu ya magunia matupu. Nilikuwa na umri wa darasa la pili, na mtoto wa umri huo hawezi kukaa bure. Nikaanza kuyahesabu magunia kwa mkono, nikiyagonga moja moja namna alivyogonga madebe. Ik, do, tin, char. Nilikuwa nimezisikia mara nyingi mno mpaka zikanikaa mdomoni bila kufundishwa. Kitambaa kikasimama juu ya chuma. Babaji hakucheka na wala hakushangaa kwa sauti. Mabega yake yalishuka tu, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Na baada ya char?"

"Panji."

"Panj. Hapo hapo, usiongeze kitu. Panj."

Ilikuwa kazi. Mdomo wa Kiswahili unapenda kumalizia neno kwa irabu, na panj, sat, ath, das yanakatika ghafla. Lakini nilikuwa na Kigorowa cha Bibi, chenye maneno yanayofungwa kwa nguvu, wak, tsar, na kwa njia hiyo nikafika. Naun, yaani tisa, ndiyo iliyobaki na ugumu wake, maana mwisho wake unapitishwa puani. Aliniwekea kidole juu ya pua yake mwenyewe nione inavyotetemeka. Ya tano alinifundisha kwa mito. Alikunjua mkono, akashika kidole kimoja kimoja: Jhelum, Chenab, Ravi, Beas, Satluj. Mito mitano ya nchi yake, na ukiitaja yote umemaliza kiganja.

Kuandika kulikuja siku nyingine ya ukame wa dizeli. Kona moja ya jengo palikuwa na ndoo ya unga wa kufagia, ule uliochanganyika na mchanga, unaopewa kuku. Alichota kiasi, akaumwaga juu ya kifuniko cha sanduku la spana, akausawazisha kwa upande wa kiganja mpaka ukawa laini. Unga mzuri asingeugusa kwa kazi hiyo. Mwaka ule hapakuwa na mtu wa kuchezea unga mzuri. Halafu akafuta mkono wake wa kulia, siyo kwa kitambaa cha grisi bali kwa kingine, cheupe, kilichokunjwa mfuko wa ndani, kidole kimoja kimoja. Nikadhani ni usafi. Baadaye alinieleza kwamba Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masingasinga, chenye kurasa 1430, kinafunguliwa na alama inayoanza na tarakimu ya moja. Kwa hiyo moja haiandikwi na mkono mchafu. Hata kwenye unga wa kuku.

Akaiandika: ੧. Nikaitazama, nikamwambia hiyo ni tisa.

"Kwenu ni tisa. Huku ni moja. Andika."

Alinishika kidole cha shahada. Mkono wake ulikuwa mkavu, wenye nyufa nyeusi ambazo hakuna sabuni ingezitoa, na ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Kichwa kidogo cha mviringo kwanza, kisha mgongo, kisha mkia ulioachiwa utoke wenyewe. Mbili na tatu, ੨ na ੩, zilinifurahisha, kwani nilizitambua. Ni mbili na tatu zetu zilizoongezewa mkia. Alisema si ajabu, kwamba namba tunazoandika sisi sote zilizaliwa upande wa kwao, India, zikachukuliwa na Waarabu, zikapelekwa Ulaya, na Mzungu akatuletea huku. Nne, ੪, ni nane iliyoachwa wazi kwa juu, na inaandikwa bila kunyanyua kidole: shuka, kata, zunguka, panda. Sita yao, ੬, ni tatu iliyogeukia upande wa pili. Nane yao haina tundu hata moja. Sifuri peke yake, ੦, haikubadilika, nikaiandika nyingi, mstari mzima, kwa raha ya kuwa na kitu nilichokwisha kukijua.

Ukijaza kifuniko, alikitikisa mara moja, na unga ukarudi kuwa mtupu. Nilipenda mno kile kitendo. Daftari la shule lilitunza kila kitu; kifuniko kilisahau na kukupa nafasi.

Baada ya kumi mambo yakabadilika. Kiswahili kina huruma: ukijua kumi na ukajua moja, umeipata kumi na moja, na njia hiyo hiyo inakufikisha tisini na tisa. Kipunjabi, lugha ya Babaji, hakikupi njia ya mkato. Kila namba mpaka mia ina jina lake, na lazima ulikamate peke yake: giaran, baran, teran, chaudan, pandran, solan. Ukifika ishirini, vih, unaanza upya na ikki, bai, tei, chauvi, na hakuna anayekuhakikishia kwamba zinazofuata zitafanana na zilizopita. Tulikuwa tunachukua chache kwa siku. Nikitoka pale nilizisema njiani mpaka nyumbani, kwa mwendo wa miguu, na kama nilikutana na mtu wa kusalimia nililazimika kuanza tena.

Zilizonikaa upesi ni zile zinazotangulia makumi. Kumi na tisa ni unni, ishirini na tisa ni unatti, thelathini na tisa ni untali. Babaji alipanga vifuniko vya chupa ishirini sakafuni, akatoa kimoja. Ishirini pungufu moja: unni. Akapanga thelathini, akatoa kimoja: unatti. Alisema namba hizo zinafanana na mtu aliyebakiza hatua moja kufika, na alizitamka kwa furaha ya pekee, akikirudisha kile kifuniko mahali pake.

Na alikuwa na majina ya visehemu ambayo sijapata kuyaona matamu hivyo kwingine. Watu hawakuleta madebe kamili siku zote. Mwaka mbaya mtu alikuja na debe na robo, au moja na nusu, na Babaji hakusema "moja na nusu". Moja na robo ni sava. Moja na nusu ni dedh. Mbili na nusu ni dhai. Neno moja, la haraka, limeshika kipimo chote. Kuanzia tatu na nusu ndipo unasema sadhe tin, sadhe char, na kuendelea. Dizeli iliporudi na mashine kuanza kulia tena, nilipewa kazi ya kukaa naye karibu na mizani. Mteja akitua mzigo, Babaji alinitazama, nami nilitangulia: dhai! Akaandika. Mteja alitazama kwa mashaka kidogo, nikamgeuzia Kiswahili, akatoa sumuni yake. Madebe sita yakijaa gunia, alisema chhe na kugonga gunia kwa kiganja, na vumbi jeupe likapanda hadi kwenye mwale wa jua.

Mchana alipika. Chumba chake kilikuwa nyuma ya mashine, kitanda cha kamba, sanduku, jiko la mkaa. Ilikuwa mbaazi za hapo hapo Bonga, zilizoparazwa na kupepetwa, zikachemka na manjano mpaka zikavurugika. Kisha kwenye kikaango kingine, mafuta, kitunguu na bizari nyembamba. Ule mlio wa bizari ikigusa mafuta ya moto, na ile harufu iliyofuata, ilivuka uwanja ikawafikia wanawake kwenye foleni, na wote wakageuka. Sisi mbaazi tulizila kwenye makande, zikiwa nzima. Sikujua zinaweza kulainika vile. Chapati alizihesabu akizigeuza, nami nikahesabu naye. Bibi, kwa upande wake, hakukubali nile kwa mtu bila kurudisha, kwa hiyo nilikwenda na kibuyu cha maziwa mgando yenye harufu ya moshi. Babaji aliyapiga kwa kijiti, akatia chumvi, akanywa amefumba macho.

Wakati huo ndipo aliposema habari za kwao, vipande vipande, mkono ukiwa na kazi nyingine. Alizaliwa karibu na Lyallpur. Alijifunza tarakimu gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, kwa mzee aliyesoma kitabu. Kila mtoto alikuwa na phatti, ubao wa mkono wenye mshikio, aliousiriba kila asubuhi kwa udongo mweupe uitwao gachni. Ukishausiriba unakimbia nao juani, unaupunga hewani ukauke. Kisha unaandika kwa kalamu ya tete na wino mweusi. Jioni unaosha, kesho unasiriba tena. Darasa lote liliimba jedwali kwa pamoja, ik duni duni, do duni char, tin duni chhe, huku wakiyumba mbele na nyuma. Mwaka 1947 nchi ikagawanywa, Lyallpur ikaangukia Pakistani, na wao wakaondoka na walichoweza kubeba. Mji huo tangu mwaka 1977 unaitwa Faisalabad. Akapanda meli iliyoitwa Kampala kutoka Bombay, akashuka Mombasa. Alikumbuka vizuri gurdwara ya Makindu, kwenye reli, iliyojengwa mwaka 1926, ambako msafiri yeyote hupewa chakula na mahali pa kulala bila kuulizwa dini wala fedha. Kutoka huko, magereji ya Moshi, magereji ya Arusha, kisha injini moja ya kusaga iliyoharibika kijijini Bonga, akaja kuitengeneza, akabaki.

Mengine hakuyasema, nami sikuwa na umri wa kuyauliza. Nilichopewa ni namba.

Shuleni siku moja mwalimu alinisikia nikifanya hesabu kwa midomo, do duni char, char duni ath, akanisimamisha mbele. Nikasema yote niliyoyajua. Mwalimu alikuwa mtu wa Singida, mpole, mpenda nyimbo. Akaliambia darasa liitikie. Ilituchukua kipindi kizima cha hesabu. Wiki hiyo hiyo wasichana walikuwa wanaruka kamba kwa Kipunjabi uwanjani, na kule kwenye mtaro, tulikokuwa tunahesabu malori ya Kondoa na mabasi yaliyobeba kuku juu ya keria, hesabu ikawa ik, do, tin. Dereva mmoja alipunguza mwendo akatutazama, akaondoka akitikisa kichwa. Babaji alipoambiwa aliomba tuje tumwonyeshe. Tukapanga mstari mbele ya mashine, miguu ya vumbi, tukamsomea mpaka kumi. Akatugawia kila mmoja kipande cha sukari guru.

Miguu ilimwishia kabla ya kitu kingine. Kuzungusha hendeli ya Lister kunataka kiuno na magoti, na ilifika siku vijana wakawa wanamzungushia, yeye anasimama karibu na kutoa amri. Ndugu zake walikuja na pikapu kutoka Arusha. Tulikuwa tumefika satth, sitini. Nakumbuka alivyosimama mlangoni pa mashine, kilemba kipya kabisa, cha bluu iliyokoza, nikaona kumbe ndiyo iliyokuwa rangi yenyewe.

"Zilizobaki utazipata, puttar. Zipo."

Bibi alimpa kibuyu, akamwambia asirudishe.

Miaka ilikwenda inavyokwenda. Niliolewa Arusha, nikazaa, nikafanya kazi, na Kipunjabi changu kikabaki pale kilipokuwa, kwenye sitini. Nilikitumia zaidi ya mtu anavyoweza kudhani. Nikihesabu sare za wanafunzi, sahani za msibani, nikipanda ngazi. Nikifika satth nilianza tena na ik. Mwaka 2017 nilikuwa Bonga kwa kaka yangu msimu wa mbaazi. Mwezi Agosti India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwake, tani 200,000 kwa mwaka, na bei ikaanguka mpaka wanunuzi wakaacha kuja. Nyumba ilijaa magunia. Yalikuwa sebuleni, yalikuwa barazani, mtoto mmoja alikuwa analala juu yake. Kaka aliniomba nimhesabie yaliyopo. Nikapita nayagonga kwa kiganja, moja moja, na yeye akanitazama, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike. Naye alikuwepo mtaroni enzi zile.

Gurdwara ya Arusha nilikwenda kwa mwaliko wa jirani, siku ya sikukuu. Nilivua viatu, nikafunika kichwa kwa mtandio, nikakaa sakafuni na wengine kwenye mkeka mrefu. Chakula ni cha wote, na jikoni anaingia anayetaka kusaidia. Nikaingia. Pale palikuwa na mama mmoja mtu mzima, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko, akizipanga chapati zilizoiva kwenye kapu na kuzihesabu kwa sauti ya chini. Nilianza kumgeuzia chapati. Nikaanza na kuhesabu naye, bila kukusudia, ghafla tuko arobaini, chali, halafu hamsini, panjah, halafu unahat, halafu satth. Nikanyamaza. Yeye akaendelea hatua moja, akasikia yuko peke yake, akageuka.

"Ikahat," akaniambia.

"Ikahat," nikasema.

Bahat. Trehat. Chauhat. Alisimama ananingoja katika kila moja, chapati mkononi, na wasichana waliokuwa wakikata vitunguu wakasogea kusikiliza. Sabini pungufu moja ni unhattar, na nilipoisikia ile "un" ya mwanzo nilijua niko na mwenyeji wangu. Themanini pungufu moja, unasi. Tisini pungufu moja, unanve. Tulipokaribia mwisho nikatangulia kuitafuta mia pungufu moja kwa njia ile ile, na mama akatikisa kichwa akicheka. Hiyo haina "un". Ni nirinnve, na watoto wa kwao wenyewe hukwama hapo hapo. Akanirudisha mara kadhaa mpaka ikatoka sawa. Kisha sau, mia, akalifunika kapu kwa kitambaa na kulisukuma mlangoni kwa wagawaji.

Akaniuliza kwa Kiswahili nani alinifundisha. Nikamwambia fundi mmoja wa mashine ya kusaga, Bonga. Akaniuliza kama naandika pia au nasema tu. Nikamjibu naandika. Akafuta mikono, akanipa penseli na karatasi ya mahitaji ya awamu ya pili, akaanza kunitajia. Nikaandika mchele kilo ੪੦, dengu kilo ੨੫, vitunguu kilo ੧੩. Aliichukua, akaisogeza mbali na macho yake, akasoma kwa sauti, chali, pachchi, teran, akampa kijana mmoja, akamwambia awahi stoo kabla watu hawajaanza kuketi tena.